Mgongo Dirishani

Machi 4, Jumatatu

Mvua ya kwanza imetukuta tunafungua duka, na dada yangu ameikemea kizingitini: "Ndiyo saa ya kuja hii?" Alikuwa amevaa gauni la manjano lenye mikono mipana kama mapazia. Watu waliojikinga upande wa pili wa barabara wakacheka. Yeye huwaachia watu wacheke, kwa sababu anayecheka amekwisha kumtazama.

Jina lake la mjini ni Kishindo. Hata mama yetu alifariki akimwita hivyo. Dada ameniambia niandike kila siku mpaka tume ya kuchunguza moto wa kiwanda imalize kazi yake. "Siku moja watakuja kuandika maisha yangu, na waandishi kazi yao kutia chumvi. Wewe huna chumvi kabisa, mdogo wangu. Andika."

Haya, bila chumvi. Gauni la manjano, kilemba cha zambarau, miwani isiyo na vioo.

Machi 5

Zambarau yote, mpaka viatu. Mvua.

Machi 7, Alhamisi

Kazi yangu ni kusimama. Wengine wana masanamu ya mbao ya kupimia nguo, Kishindo ana mimi. Sanamu, anasema, haipumui, na nguo isiyojua kupumua itamkaba mtu.

Ila anayempima hasa si mimi. Kila asubuhi Fundi Kofia, mshonaji wetu wa siku nyingi, hunifunga pamba mabegani na sponji mgongoni kwa tepe pana, na bega la kushoto huongezwa konzi moja, maana lilikuwa limepanda kidogo kuliko la kulia. Nasema lilikuwa, kwa sababu mwili huo si wangu na mwenyewe hayupo. Mimi ni mwembamba kama uzi. Nguo zote zilizompa dada yangu jina zimekatwa juu ya mwili wa rafiki yake aliyekufa. Wateja hupunguziwa au huongezewa baadaye, lakini nguo lazima ianze kwa yule.

Nilipoanza nilikuwa nikiona ni mapenzi makubwa. Bado naona hivyo. Isipokuwa jioni, Fundi Kofia akishanifungua zile tepe, hujihisi nimevuliwa kitu changu.

Machi 10, Jumapili

Duka limefungwa, nina nafasi. Niandike habari yenyewe, ingawa mjini hapa hakuna asiyeijua.

Kishindo alianza kazi kiwandani, chumba cha vifungo, ghorofa ya pili. Kila mfanyakazi alikuwa na koti la kijivu lenye namba mgongoni. Mlinzi wa getini hakuwa na habari na nyuso, alisoma migongo. Wakishaingia, milango ilifungwa kwa makufuli kwa nje mpaka saa ya kutoka, eti wasiibe vitambaa. Rafiki yake wa chanda na pete pale alikuwa msichana waliyemwita Mabega, na ukiuona mgongo wake huulizi kwa nini. Walikuwa na mchezo wao. Ukipata dharura unampa koti lako mwenzako aliye mapumziko, anaingia na namba yako, anakaa kwenye kiti chako. Namba imeingia, vifungo vimeshonwa, msimamizi hana hili wala lile. Leo kwangu, kesho kwako.

Siku moja Kishindo alipata miadi na mwenye duka kubwa, kumwonyesha gauni la kwanza alilolibuni. Akampa Mabega koti lake. Siku hiyo ndiyo kiwanda kiliungua.

Waliobaki ndani hawakutambulika kwa sura. Walihesabiwa kwa namba zilizopita getini. Kwa hiyo dada yangu alikufa, na Mabega, ambaye namba yake haikupita, hakuwapo. Baada ya maziko ya pamoja Kishindo alikwenda getini kueleza, na mlinzi alipomwona alitupa rungu akatimua mbio akipiga mayowe. Akiisimulia hii jukwaani watu huangua kicheko. Huwaacha wacheke mpaka waishiwe, kisha huuliza, "Sasa aliyelala mahali pangu ni nani?"

Wenye kiwanda jibu lao ni moja tangu wakati ule. Kishindo aliingia mwenyewe, akachoropoka nje kabla ya kufuli kufungwa, na sasa anatafuta sifa kwa maiti za wenzake. Jina lake kwenye jiwe la kaburi ni makosa ya mchonga mawe. Na Mabega alitoroka na mwanamume.

Tangu hapo dada yangu hajavaa kijivu. "Aliyekwisha kuzikwa," husema, "inabidi aonekane kwa mbali." Ndiye yule aliyeingia kwenye karamu ya wenye viwanda na gauni lililoshonewa makufuli kutoka shingoni hadi kwenye pindo, zito kiasi kwamba askari wanne walishindwa kumnyanyua. Akapita meza kwa meza makufuli yakilia kama njuga, akafika kwa mwenye kiwanda, akanyoosha mkono, akamwambia, "Naomba ufunguo, nimechoka." Picha ile ilizunguka dunia. Zikafuata safari, maonyesho, wanafunzi, na mwishowe sheria ya kukataza milango kufungwa kwa nje. Watu wanadhani alipata alichokitaka. Alichokitaka ni jina lake litoke kwenye lile jiwe, la Mabega liingie.

Machi 13

Wakili wetu alikuja. Tume itaanza kusikiliza watu mvua zikikaribia kuisha. Anasema neno la Kishindo peke yake halitoshi, kwa sababu Kishindo ni Kishindo. Anatakiwa mtu aliyemwona Mabega akiondoka nyumbani asubuhi ile na koti lisilo lake. Mtu huyo ni mmoja tu, mama yake.

Na Mama Mabega miaka yote hii husema jambo moja: mwanangu ameolewa mbali. Uongo wa kiwanda yeye ameufanya mto wa kulalia. Kishindo alimwendea mara kadhaa, akafungiwa mlango kwa adabu.

"Kumnyang'anya mama mtoto aliye hai," alisema Fundi Kofia wakili alipoondoka, "hiyo nayo kazi."

Machi 15, Ijumaa

Nimepata mshtuko leo.

Mchana mvua ilikuja kwa nguvu, watu wakajazana barazani kwetu. Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda, nimetazama ukuta, Fundi Kofia ameenda kutafuta uzi. Nikasikia kioo cha dirisha kikigongwa taratibu. Sikugeuka, nilikuwa na pini mwili mzima. Mlango ukafunguka. Nyuma yangu sauti ya mwanamke mzee ikasema, polepole, "Mama?"

Alisema vile mama anavyomwita binti yake. Nikageuka. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, umejaa, halafu ukaniona na ukafungika. Sijapata kuona uso ukifanya vile.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimekufananisha." Akatoka kwenye ile mvua, akaacha mwavuli wake sakafuni.

Kishindo alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Ameona yote. Nilitegemea angelia. Aliuokota mwavuli, akaukunja vizuri, akautundika karibu na mlango mahali unapoonekana.

Machi 16

Kigoda changu kimehamishwa hadi dirishani. "Pana mwanga," amesema dada. Masika haya mwanga uko wapi?

Machi 18

Alikuja kuchukua mwavuli. Kishindo alininong'oneza nisigeuke, koti litafumuka. Mama Mabega alisimama kitambo, akauchukua, akaenda.

Machi 20

Alikuja. Barazani. Mvua.

Machi 21

Alikuja. Dada kamtolea kiti.

Machi 22

Hakukunyesha, hakuja. Gauni la dada leo lilikuwa na manyoya ya kijani, nusura lishikwe na cherehani. Niliwaza siku nzima kama yule mama yu mzima.

Machi 26, Jumanne

Sasa anakaa ndani, kwenye kiti karibu na mlango, na mimi nimempa mgongo. Kishindo hujifanya ana kazi. Fundi Kofia hukanyaga cherehani bila uzi, nimegundua kwa mlio.

Leo Mama Mabega ameongea. Hakuongea na mtu, aliongea tu. Bati la jikoni limetobolewa na mvua, ameweka sufuria. Jirani yake amejifungua mapacha, mmoja analia, mwingine anamwangalia mwenzake anavyolia. Yule paka mzee bado yupo, ila haoni vizuri, anagonga miguu ya meza kisha anaikasirikia. Hapo nilitaka kucheka, nikajizuia, na mabega yangu ya pamba yakatikisika. Akanyamaza. Halafu akacheka yeye kidogo, kama mtu aliyejibiwa.

Usingizi umeniruka. Yule paka namwona waziwazi, rangi yake na mkia wake. Sijawahi kufika katika nyumba ile.

Aprili 1

Alikuja. Ukuta mmoja wa uani umelowa. Atamwita fundi mvua zikipungua.

Aprili 2

Alikuja. Meno yanamsumbua.

Aprili 3

Alikuja. Hakusema kitu.

Aprili 5, Ijumaa

Mchana nilipumzika, nikaketi kwenye kiti cha cherehani bila kuvua zile pamba. Kishindo alikuwa akikata kitambaa, akainua macho, mkasi ukamtoka mkononi.

"Nani kakufundisha kukaa hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kuweka kiwiko juu ya meza, ukaegemea upande."

Nikamwambia sponji inanisukuma, hakuna namna nyingine ya kukaa. Ndiyo kweli, nimejaribu tena baadaye na ni kweli. Lakini uso wake ulikuwa umepauka chini ya poda yote ile, na alikwenda kukata kitambaa akakikata upande usio wake, kitu ambacho Fundi Kofia anasema hajakiona tangu amjue.

Sasa naogopa kuuegemeza mkono popote.

Aprili 9

Nimeanza kuyatafuta mabega yale nikiwa sina. Mlangoni naingia kwa upande, kama mtu mpana. Muuza magazeti kaniuliza nimeumia?

Aprili 11

Mvua ya mawe. Alikuja hata hivyo. Nilimsikia akipangusa miguu na moyo wangu ukafurahi, nami nikauonea haya. Huyu mwanamke anakuja kumtazama binti yake, na ninayefurahi ni mimi.

Aprili 15, Jumatatu

Wakili amerudi. Siku imepangwa, Mei 7. Kamuuliza dada kama mama wa marehemu amekubali. "Analainika," alijibu Kishindo. Alikuwa ndani ya koti jekundu linaloburuta sakafuni, na pete kila kidole, na alilisema neno lile kama anavyosema juu ya ngozi inayolowekwa.

Nikaelewa kigoda, kiti na mwavuli, vyote kwa mkupuo. Na mimi niliyekuwa nikijiona nina akili!

Aprili 16

Sikumsalimia. Amevaa bluu.

Aprili 19, Ijumaa

Ameshona koti la kijivu. Sijawahi kuona kitambaa cha rangi hiyo katika duka hili. Mgongoni ameweka namba, ile yake. Fundi Kofia aliondoka kwenda kunywa chai wakati wa kunivalisha, na yeye chai hanywi.

"Dada, sitaki."

"Simama tu kama kawaida."

"Mama wa watu atakufa."

"Hatakufa. Atakumbuka."

Nikalivaa. Sijui kwa nini nilikubali. Miaka yote nimezoea kusimama ninapoambiwa, miguu imeshajifunza. Lile koti lilinikaa sawasawa, halikuwa na pini hata moja, na kwa mara ya kwanza nilihisi ndani ya nguo za dada yangu kuna mtu kabla yangu, mtu ambaye hajamaliza kuzivua.

Mama Mabega aliingia. Nilisikia mwavuli ukifungwa. Kisha sikusikia kitu, kwa muda mrefu, mvua tu juu ya bati. Kiti hakikulia. Alikuwa amesimama. Pumzi yake ilinikaribia hadi nikaisikia shingoni, na kidole kimoja kikagusa kola, nyuma, kikaifuata mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta mkunjo. Halafu akatoka. Mlango aliuacha wazi na mvua ikaingia mpaka katikati ya duka.

"Sasa atasema," alisema Kishindo.

Nililivua lile koti nikamtupia. Tuligombana kama hatujawahi. Nilimwambia anamvizia mama wa watu kama panya kwenye mtego, na chambo ni mimi. Nilimwambia makufuli yake yote yale, na kumbe naye anajua kufungia watu. Hilo lilimwingia. Alikaa chini, pale pale kwenye maji, na koti lake jekundu.

"Unadhani mwenye kutazama ni yule mama peke yake?" alisema. "Wewe umesimama, huoni. Mimi nakaa nyuma ya meza hii namwona Mabega kila siku iliyopambazuka. Namshona, namshonea, na hageuki. Wamenizika, mdogo wangu. Nilikwenda kulisoma jina langu pale jiweni, na nikasikia baridi ya ndani ya ardhi. Kila asubuhi navaa marangi haya nisimame mbele ya kioo nione kama kitanirudishia mtu. Siku nyingine hakinirudishii. Namtaka atoke pale nilipo mimi, au nitoke mimi pale alipo yeye. Sijui tena ni lipi."

Nilimwonea huruma mpaka kifua kikauma, na hasira haikuisha. Sikujua kwamba viwili hivyo vinaweza kukaa pamoja.

Aprili 20

Mvua. Hakuja.

Aprili 22

Hakuja.

Aprili 23

Hakuja. Kishindo anatazama mlango. Hajajipaka poda.

Aprili 25

Mvua kutwa. Kiti kiko pale pale. Fundi Kofia amekigeuza kielekee ukutani, kisha akakirudisha.

Aprili 27, Jumamosi

Nimekwenda nyumbani kwake. Dada sikumuaga.

Nilikuwa nimekata shauri kumweleza kila kitu: pamba, sponji, kigoda, hila yote, kisha nimwombe radhi, aamue mwenyewe kuhusu tume. Nilizibeba zile pamba kwenye mfuko ili aone kwa macho yake kwamba binti yake ni matambara tu. Njiani mfuko ulinipa aibu, ikawa kama nimebeba viungo vya mtu.

Alinifungulia. "Karibu, mwanangu. Kumbe una uso mzuri," alisema. "Siku ile sikuutazama."

Sebule ndogo, meza, viti viwili, sufuria chini ya bati linalovuja. Paka alikuwapo. Si yule niliyemwona mimi. Huyu ana mabaka. Nilishukuru kupita kiasi.

Nikaanza kusema, maneno yakanipotea, nikaufungua mfuko nikazimwaga pamba mezani. Alizishika moja moja. Alipofika kwenye ile ya bega la kushoto aliipima kiganjani.

"Hii mnaweka nyingi," alisema. "Halikupanda hivyo. Alilipandisha akiwa na haya."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Ulidhani ni yeye."

"Nani kadhani?" Alinitazama kwa mshangao. "Wewe unapumua kwa mdomo. Na yeye asingeweza kusimama bila kujikuna, hata dakika. Nimejua tangu ile siku ya kwanza, uliponigeukia. Nilikuja kutazama mgongo. Uso wake ninao, wa picha na wa akilini. Mgongo ndio niliokuwa sina. Hakuna anayepiga picha mgongo."

Maji yalidondoka kwenye sufuria.

"Halafu mkamvalisha lile koti," alisema.

"Najua, mama."

"Hujui. Dada yako alilileta lile la kweli jioni ya kuamkia siku ile, limekunjwakunjwa kama alikuwa amelilalia. Asubuhi nikamwambia mwanangu hutoki na nguo ya namna hiyo watu wakasema huna mama. Nikaliwekea makaa kwenye pasi. Kola ilinisumbua, ikabidi niinyunyizie maji. Akawa ananisukuma, mama nachelewa, mama geti litafungwa. Nikamwambia ngoja nimalizie mgongo, mgongo ndio watu watakaouona." Aliuweka mkono juu ya meza, akaupeleka mbele na kuurudisha, mbele na kuurudisha. "Bila ile pasi angechelewa. Hapana, sikusema sawa. Bila ile pasi angewahi. Angefika mapema, hata angebadili mawazo, angeumwa na kichwa akarudi. Nimeigeuza kila upande. Nimenyoosha nguo aliyofia, na nikamsifia nayo."

Nikalia mimi. Yeye hakulia.

"Dada yako anadhani namchukia. Hapana. Nikimsikia redioni naongeza sauti. Ila yeye anataka niseme, na nikisema mwanangu alitoka na lile koti, basi hakwenda kwa mwanamume yeyote. Miaka yote nimemwozesha. Nimempa watoto wawili. Wa kwanza mkorofi."

Akaniambia nirudishe pamba kwenye mfuko. Nilipofika mlangoni alisema, "Nitakwenda huko kwenye tume yenu. Lakini peke yangu miguu haitanifikisha. Uvae kama alivyokuwa. Utangulie mbele yangu, nikufuate. Na usigeuke mpaka nikwambie."

Aprili 28

Nimemweleza Kishindo. Yote, hata pasi. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha aliingia chumba cha kujaribia nguo, akavuta pazia, na hakutoka mpaka Fundi Kofia alipofunga duka.

Mei 1

Amekwenda kwa Mama Mabega. Amevaa rangi ya machungwa, ya kumchoma mtu macho. Amekaa huko mchana kutwa. Aliporudi nilimuuliza walisema nini.

"Tumeziba bati," alisema.

Mei 3

Mvua imepungua, manyunyu tu. Fundi Kofia amepunguza pamba ya bega la kushoto. Kwa mkono wake mwenyewe, bila kuambiwa ni kiasi gani, na Mama Mabega alipokuja kutazama alitikisa kichwa: bado. Akapunguza tena.

Mei 6

Siwezi kula. Nikikosea? Nikijikwaa, nikageuka bila kukusudia? Dada amenipigia pasi koti, kisha akasimama na ile pasi mkononi hajui aiweke wapi.

Mei 7, Jumanne

Naandika yote sasa hivi, kabla sijalala na kuyaharibu.

Tulishukia mwanzo wa barabara. Mama Mabega alitaka tutembee. Nilikuwa ndani ya lile koti la kijivu, namba mgongoni, na yeye nyuma yangu. Nyuma yake Kishindo, kavaa lile gauni la makufuli. Sikumwona, nilimsikia tu njia nzima, na sauti ile ilinipa nguvu. Watu walitoka madukani. Kwa kawaida wangepiga miluzi. Leo walinyamaza, na wazee kadhaa walivua kofia, sijui kwa ajili ya nani kati yetu watatu.

Nilitembea polepole kwa sababu nilisikia viatu vyake vikiburuta. Kila vilipokawia nilisimama, vikianza nami naanza. Sehemu moja, karibu na ngazi za lile jengo, vilisimama sana. Nikaona nimsaidie, nikajikaza. Nikajikuna tu, ubavuni, mara moja. Sijui kama nilikusudia. Nikamsikia akivuta pumzi, na viatu vikapanda ngazi.

Ukumbini kuna meza ndefu, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Mkubwa wao alimwambia Kishindo gauni lile haliruhusiwi, linapiga kelele. Mama Mabega akajibu kabla ya wakili. "Mwacheni. Huyo alishakufa mara moja, mnataka afanye nini tena?" Watu wakacheka kidogo, na mkubwa akaacha.

Nilisimama mahali nilipoonyeshwa, kati ya kiti cha shahidi na mlango, nimeipa meza ubavu na Mama Mabega mgongo. Mbele yangu palikuwa na ukuta mweupe na waya wa taa. Yeye alianza kusema.

Alisema habari ya koti, lililetwa na nani, limekunjwaje. Alisema namba, bila kuisoma mgongoni kwangu, aliitaja mwanzo hadi mwisho. Alisema makaa, kola, maji ya kunyunyizia. Wakili wa kiwanda alimuuliza mbona miaka yote amesema binti ameolewa. "Kwa sababu ninyi ndio mliniambia," alijibu. "Nikawaamini. Mlikuwa mmenipa kitu kizuri." Makufuli ya dada yangu yakaacha kulia.

Mkubwa wa tume alikohoa. Alisema kwa upole, naye nadhani ni mtu mzuri, "Mama, tunahitaji useme wewe mwenyewe. Unathibitisha kwamba binti yako alikuwa ndani, na kwamba alifariki siku ile?"

Nilihesabu nyufa za ukuta. Pamba zilikuwa zimelowa jasho, zimenivuta chini, na nikajua kwa mwili wangu wote kwamba mtu aliye nyuma yangu anatazama kwa mara ya mwisho, na anajitahidi asikose hata uzi mmoja. Nikasimama vizuri. Nililishusha bega la kushoto kidogo. Nilimpa mgongo ule wote, kadiri nilivyoweza.

"Haya, mama," alisema. Sauti ilikuwa ileile ya siku ya kwanza. "Geuka."

Nikageuka. Alinitazama usoni, uso wangu mimi, kwa muda mrefu, hakuruka kitu. Kisha akawaangalia wale wa mezani.

"Andikeni," alisema.